Dhana na Yakini



Ukipita Sokomuhogo, katika Mji Mkongwe wa Unguja, utafika Jaws Corner, baraza mashuhuri ya kahawa. Jina hilo limetokana na picha ya papa iliyotoka mwaka 1975. Basi si ajabu: mji wetu una mazoea ya zamani ya kutoka senema na kwenda kuimalizia barazani. Mazungumzo hayo ni matamu, lakini leo nataka tujiulize: pale picha inapotuficha jambo, sisi pengo lile hulijaza kwa nini?

Wazee wetu wanaikumbuka Awara, picha ya Kihindi ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, iliyopendwa mno Unguja. Ndani yake hakimu anamfukuza mkewe mja mzito, kwa kuwa bibi huyo alitekwa na jambazi siku nne, akarudi, na watu wakasema. Sisi watazamaji tulikwisha kuonyeshwa kuwa hana kosa. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kumlaumu hakimu na kurudi nyumbani na moyo mweupe.

Sasa itazame picha nyingine, ya Kiirani, A Separation ya Asghar Farhadi, iliyotoka mwaka 2011 na kupata tuzo ya Oscar mwaka 2012. Nader anamsukuma nje ya mlango Razieh, mtumishi aliyewekwa kumwangalia baba yake mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Razieh ni mja mzito, na mimba inaharibika. Je, sababu ni msukumo ule? Siku ya kabla yake alitoka barabarani kumfuata mzee, magari yakipita, na hapo hapo picha ikakatwa. Yaliyofuata hatukuyaona. Tena Nader anamtuhumu kuchukua fedha; kumbe mwanzoni tulimwona mke wa Nader akizitoa kuwalipa wachukuzi wa piano. Zilipita mbele ya macho yetu, wala hatukuzitia maanani!

Hapa hatukukalishwa tena katika kiti cha anayejua yote. Tumekalishwa pale tunapokaa kila siku: barazani, na nusu ya khabari mkononi.

Umemwona mke wa jirani akishuka katika gari usiyoijua, saa tano ya usiku. Hilo umeliona. Alikotoka hukukuona, wala aliyempeleka humjui, wala hujui kama nyumbani kwao kuna mgonjwa. Kesho utasimulia lipi katika hayo?

Katika Surat Hujurat, aya ya 12, Mwenyezi Mungu anatuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi yake ni dhambi. Kisha anakataza kupelelezana, kisha kusengenyana. Utazame mpango huo. Dhana huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa usengenyaji. Mwenye kuukata mti shinani hana haja ya kuhangaika na matawi.

Utaniuliza: basi tusihukumu kabisa, na mahakama zifungwe? La. Kadhi hana budi kuamua, lakini yeye huwataka watu mashahidi na kiapo, na huwasikiliza wote wawili. Sisi barazani hatutaki shahidi wala hatumwiti mshitakiwa, na hukumu yetu haina rufani.

Jawabu nililipata kwa Razieh mwenyewe. Mwisho wa picha wamepatana kulipana fidia. Wadai wa mumewe wamekaa wanangoja fedha. Nader anakubali kulipa, ila kwa sharti moja: Razieh aape kwa Msahafu kuwa yeye Nader ndiye sababu. Razieh anakataa. Mumewe anamsihi, dhambi iwe juu yake, hataki. Zingatia, msomaji, kwamba hakusema Nader hana kosa. Alichokuwa nacho ni shaka, na shaka hakutaka kuivisha nguo ya yakini. Angeapa, nani angemkadhibisha? Neno hilo moja, "sijui", lilimkosesha fedha, naye hakulimeza.

Picha inakwisha binti wa Nader akiulizwa na hakimu amchague baba au mama. Wazazi wanangoja nje, jibu hatulisikii. Watu hushindana sana kaenda kwa nani. Shindana upendavyo, binti yule ni wa kwenye picha, hataumia. Lakini ulimi ni mazoea. Uliozoea kujaza pengo la picha na kuliita kweli, hautachelewa kulijaza pengo la mlango wa jirani.

Sisemi tusifasiri, kwani mwanaadamu hawezi kuishi bila ya kufasiri. Nasema tutenge: hili nimeliona, hili nimelidhani.

Basi jioni hii utakapokaa na kikombe chako cha kahawa, na likatajwa jina la mtu, jiulize kabla ya kufungua kinywa: lau ningeletewa Msahafu hapa, ningeapa?