Ukuta Usiopakwa Chokaa: Je, Ni Dhambi Kujenga Ugenini?



Nawasalimu ninyi nyote mnaokusanyika nasi hapa Masoro, pamoja na ndugu walio kambini ambao karatasi hii huwafikia kwa mkono wa jamaa zao. Safari hii sitaandika mahubiri. Nataka tufikiri pamoja juu ya swali ambalo lilinishinda kujibu papo hapo.

Baba mmoja wa kanisa letu aliniita nyumbani kwake niamue neno. Mkewe alikuwa amepata zamu yake katika kikundi cha akiba, akataka kununua kabati. Baba alikataa. Alisema, "Vitu vizito ni vya watu wanaobaki. Sisi tuko safarini." Nyuma ya mlango wake kuna begi. Limekaa pale tangu walipofika Rwanda, limefungwa, tayari kwa siku ya kurudi Kongo.

Basi binti yao wa miaka kumi na minne, aliyezaliwa hapa, akasema kwa upole, "Baba, shuleni nikiulizwa kwetu ni wapi, niseme nini?" Baba akajibu, "Sema Kongo." Mtoto akasema, "Siijui Kongo, Baba. Hujawahi hata kuniimbia wimbo mmoja wa huko."

Ndugu zangu, nilinyamaza. Niliomba nao, nikaondoka bila kuamua. Sababu ni kwamba mimi mwenyewe nilikataa kununua rafu ya vitabu kwa miaka mingi, nikisema nitanunua tukirudi. Daftari zangu za chuo cha Biblia zilikaa kwenye maboksi sakafuni, unyevu ukazila. Sikubaki na daftari, wala sikurudi.

Swali lenyewe ni hili: Je, mtu akijenga ugenini amesaliti nchi yake? Na asipojenga, je, ameitunza?

Najua wengine watanijibu upesi kwamba kwetu ni mbinguni. Ni kweli, nami nahubiri hivyo. Lakini mtoto akiulizwa na mwalimu darasani, jibu hilo halimtoshi, na mara nyingine sisi wazazi hulitumia ili tusiulizwe zaidi. Nimetafuta msaada kwa watu ambao wamebeba swali hili kuliko wote, yaani Wayahudi. Wengi wetu tukisikia "Myahudi" tunamwona Musa na Daudi tu. Lakini Wayahudi wapo leo. Wako wanaoshika sana dini, na wako wasioingia sinagogi kabisa lakini bado wanajiita Wayahudi. Na ingawa kuna taifa la Israeli tangu 1948, zaidi kidogo ya nusu ya Wayahudi wote duniani wanaishi nje yake, hasa Marekani. Tuone wameishije.

Ardhi iliyokataliwa

Mwezi wa nne 1903, katika mji wa Kishinev, ambao leo ni mji mkuu wa Moldova, watu waliwavamia Wayahudi. Karibu 50 waliuawa, mamia wakajeruhiwa, nyumba na maduka yakavunjwa. Mwezi wa nane mwaka huo wajumbe wa Wayahudi waliotafuta nchi ya kukaa walikutana Basel, Uswisi. Kiongozi wao, Theodor Herzl, aliwaletea habari kwamba serikali ya Uingereza iko tayari kuwapa ardhi Afrika Mashariki. Watu huuita mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, ambazo leo ziko Kenya, upande wa Eldoret.

Fikirini. Watu wanauawa, na mtu anawapa mahali pa kukimbilia. Nani angekataa? Wajumbe 295 walikubali angalau watumwe watu wa kuikagua ardhi hiyo, lakini 178 walikataa. Wengi wa waliokataa walitoka Urusi, kulekule kwenye mateso, hata wajumbe wa Kishinev wenyewe. Walitoka ukumbini, wengine wakakaa chini wakilia kama watu waliofiwa. Kabla ya kufunga mkutano, Herzl aliinua mkono wake wa kuume akaapa kwa maneno ya Zaburi 137 kwamba Yerusalemu haijasahauliwa. Alikufa 1904, na mwaka 1905 mkutano uliofuata ukaikataa ardhi ile.

Sisi tunaowaelewa ni wengi. HCR inaweza kukupa turubai na kadi, lakini haiwezi kukupa kwenu. Mtu anayetuambia, "Mbona mnalia, si mna pa kulala?" hajui uchungu wa watu wale waliokaa chini Basel. Kuipenda nchi si upumbavu wala si ukosefu wa imani.

Waliobeba kwao mdomoni

Lakini kuna Wayahudi wengine, nao waliishi kwetu Kongo. Walitoka kisiwa cha Rhodes katika Bahari ya Kati. Mababu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa Rhodes walianza kuja Katanga kufanya biashara, wakakaa Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi ya leo. Walijenga sinagogi ambalo bado limesimama mjini. Hatuwezi kuficha kwamba wakati wa Wabelgiji walihesabiwa upande wa Wazungu, na faida za wakoloni ziliwafikia wao pia. Lakini kuna jambo moja kwao linalonigusa.

Nyumbani walizungumza Ladino, yaani Kihispania cha kale kilichochanganyika na Kiebrania na lugha nyingine. Zaidi ya miaka 400 tangu wafukuzwe, mama wa Rhodes alikuwa bado anambembeleza mtoto kwa lugha ya nchi iliyomfukuza bibi wa bibi yake. Hapakuwa na serikali wala shule iliyowalazimisha. Lugha ilitunzwa jikoni.

Kisha mwezi wa saba 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi wa Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Waliobaki hai walikuwa kama 150 tu. Tangu siku hiyo, kisiwa kile hakikuwepo tena kama walivyokijua. Rhodes ya Wayahudi ilibaki katika vyakula, nyimbo na maombi ya watu walioondoka mapema, na baadhi yao walikuwa Lubumbashi. Wangekuwa wameweka kwao ndani ya begi, wakingoja meli ya kurudi, wangerudi kwenye nini?

Watu wa Mbale, Uganda, wanatufundisha jambo kama hilo. Mwaka 1919 Semei Kakungulu, aliyekuwa mkuu wa vita, alisoma Agano la Kale akaamua kufuata dini ya Kiyahudi pamoja na watu wake. Wanaitwa Abayudaya. Hawadai kuwa na damu ya Ibrahimu. Idi Amin aliwapiga marufuku, wengi wakaiacha dini hiyo, wakabaki wachache mno. Wachache hao waliendelea kuishika Sabato na kuimba zaburi kwa Kiluganda na Kiebrania, kwa sauti na midundo ya Kiafrika. Mwaka 2003 nyimbo zao zilitoka katika albamu na kusikika duniani. Mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, aliwekwa kuwa rabi. Siku hizi wako watu wanaopita wakisema kabila fulani la kwetu ni Wayahudi waliopotea. Kwa swali letu hatuhitaji damu hiyo. Watu wa Mbale wanatuonyesha kwamba watu hutunzwa na yale wanayoyatenda kila juma kuliko yale wanayojisifia.

Dhiraa moja ya ukuta

Sasa nije kwenye hadithi iliyonipa jibu. Iko katika Talmudi, mafundisho ya kale ya walimu wa Kiyahudi. Warumi walipobomoa hekalu la Yerusalemu mwaka 70, wako watu waliokata shauri wasile nyama wala wasinywe divai tena. Mwalimu Yehoshua akawauliza sababu. Wakasema, nyama ilitolewa madhabahuni na divai ilimiminwa pale, navyo vimekoma. Akawaambia, basi tuache na mkate, kwa maana sadaka ya unga imekoma. Wakasema, tutakula matunda. Akasema, malimbuko ya matunda nayo yamekoma. Na maji? Hata maji yalimiminwa madhabahuni. Wakanyamaza.

Ndipo akawafundisha kwamba kutoomboleza kabisa haiwezekani, na kuomboleza kupita kiasi haiwezekani pia. Mtu ajenge nyumba yake, aipake chokaa, lakini aache sehemu ndogo ya ukuta bila kupakwa. Wayahudi wengine washika dini hufanya hivyo mpaka leo. Upande wa kuelekea mlango huacha kipande cha dhiraa moja, kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, bila rangi. Mgeni akiingia anaona nyumba nzuri yenye kidonda kimoja. Mtoto akiuliza, "Baba, mbona hapa hapajamalizika?" baba anapata nafasi ya kumsimulia.

Ndugu yangu, tazama hekima hiyo. Yule baba wa kanisa letu ameacha nyumba nzima bila chokaa, ila hana kipande hata kimoja cha kumwonyesha mtoto. Kuta zote ni maombolezo, na mtoto haelewi msiba ni wa nani. Wengine wetu tumefanya kinyume. Tumepaka chokaa kuta zote, tumesahau lugha, tunaona haya watu wakijua tunakotoka. Wote wawili wamemnyima mtoto urithi wake. Mmoja ameufunga ndani ya begi, mwingine ameutupa.

Nabii Yeremia aliwaandikia wahamishwa wa Babeli wasikae kama abiria kituoni. Wajenge, walime, waoze watoto wao, na wauombee amani mji walikopelekwa. Barua hiyo hiyo iliwaahidi kurudi baada ya miaka sabini. Mungu hakuona kwamba kujenga kunafuta ahadi.

Hatari moja

Lazima niseme na jambo gumu. Kupenda nchi kunaweza kumpofusha mtu asimwone jirani. Ile ardhi ya Uasin Gishu ilipokuwa ikijadiliwa Ulaya, hakuna aliyewauliza Wamaasai wala Wanandi. Mwezi wa kumi 1905 Waingereza walimuua kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, katika vita vya kuwanyang'anya nchi. Na mwaka 1948, taifa la Israeli lilipoanzishwa kukiwa na vita, Wapalestina wapatao 700,000 walikimbia au walifukuzwa, na wengi wa wajukuu wao ni wakimbizi hadi leo. Wayahudi wengi wa nchi za Kiarabu nao waliacha makwao miaka iliyofuata. Siandiki haya ili tuhukumu upande mmoja. Naandika kwa sababu sisi watu wa Kivu tunajua neno "mwenye nchi" limeua watu wangapi. Tukimfundisha mtoto kwamba kwetu ni kuzuri, tusimfundishe kwamba jirani wa kule hana haki ya kulala pale. Kurudi kunakomfanya mwingine awe mkimbizi, tusikuombee.

Tufanye nini basi?

Kwanza, tujenge. Nunua kabati, mama. Lipa ada ya shule. Jifunze kazi viwandani, panda mboga pale mwenye nyumba atakapokuruhusu. Tuombee Kigali amani.

Pili, tuache dhiraa moja. Jioni moja kila juma, nyumbani izungumzwe lugha ya nyumbani tu. Pikeni sombe kama alivyopika bibi, na mpikaji aeleze alijifunza wapi. Kila baba na mama awafundishe watoto wimbo mmoja. Kama unatetemeka kuukumbuka, uimbe hivyo hivyo. Tutawapa watoto nafasi ya kuimba nyimbo hizo kanisani, kila kabila kwa zamu, na wote tuitikie.

Tatu, tuseme ukweli kuhusu maumivu. Mtoto asisikie habari za vita kwa wenzake mtaani. Azisikie kwako, bila chuki, kwa kiasi anachoweza kubeba.

Nilirudi kwa yule baba. Nilimwambia, "Kabati linunuliwe. Na begi usilitupe, bali lifungue." Alikaa kimya muda mrefu, kisha akalitoa nyuma ya mlango. Ndani mlikuwa na barua ya shamba, shati moja, picha ya mama yake, na kitabu cha nyimbo cha kanisa lao la kule, kurasa zimeshikana. Binti alikaa sakafuni karibu naye. Baba alifungua ukurasa mmoja, akajaribu sauti, akakosea, akaanza tena. Mimi niliaga.

Kama utarudi kwenu au hutarudi, mimi sijui, na asiwepo mtumishi wa kukudanganya kwamba anajua tarehe. Ninalojua ni kwamba mtoto wako akiulizwa kwao ni wapi, anastahili kuwa na wimbo wa kujibu.

Someni nyumbani Yeremia 29 na Zaburi 137, yote mawili jioni moja. Bwana awabariki na kuwalinda, mkiwa hapa na mkiwa njiani. Amina.

Ni mimi ndugu na mtumishi wenu, mchungaji mkimbizi pamoja nanyi.