Popo wa Kitaka

Kumpima popo kama ana virusi kunaanza kwa kumshika, na kumshika kunataka moyo uliotulia. Mpimaji huvaa glavu za mpira, juu yake za ngozi, maana meno yale hayana mzaha. Mnyama mwenyewe hafiki gramu 200. Hutiwa kwenye mfuko wa kitambaa, akapimwa uzito, pamba ikapitishwa kinywani, damu kidogo ikachukuliwa. Muda wote huo anakutazama. Popo wa matunda ana macho makubwa, ya kahawia, na kila nikisikia kitendawili cha popo wawili wavukao mto, jibu lake macho, huwaza huyu. Wengine huachiwa. Wengine, lazima isemwe, huuawa ili ini na wengu vichunguzwe. Anayeifanya kazi hii bila kuomba radhi kimoyomoyo simwelewi.

Mwaka 2007 wachimbaji wanne wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua homa ya virusi vya Marburg, mmoja akafa. Wataalamu walipoingia mgodini walikuta virusi hivyo, vikiwa hai, ndani ya popo wa matunda, nao popo hawakuwa wagonjwa. Hapo ndipo mimi husimama. Kitu kile kile, katika kiwiliwili kimoja kimepewa makao, katika kingine ni mauti. Popo hakututumia chochote. Sisi ndio tulioingia kwake, tena bila hodi.

Wachimbaji wakawaangamiza popo wale. Siwalaumu, aliyemzika mwenzake hakai kutafakari. Lakini baadaye popo wachache walirudi, na mwaka 2012 Marburg ikazuka Ibanda, kilomita kama 20 kutoka mgodini. Walipopimwa hao waliorudi, kiwango cha maambukizi kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha awali. Huenda nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na wageni wasio na kinga. Namna nyingine ya kulisema hilo: waliouawa, baadhi yao huenda walikuwa wamekwisha kuambukizwa wakapona, na kwa kuwapo kwao tu walikuwa wakituzuilia kitu ambacho hatukujua kinazuiliwa.

Ndiyo maana upimaji hauishi. Jibu la "hana" ni la siku ile tu. Popo hawa huzaa misimu miwili kwa mwaka, na watoto wakifika miezi sita hivi, kinga ya mama imekwisha, huambukizwa kwa wingi. Mpimaji anarudi pangoni na swali lile lile, kwa popo ambaye mara iliyopita hakuwa amezaliwa.