Vumbi Lilitoka Wapi?

Wakati wa kiangazi hapa Bilpam, ukianika shati jeupe asubuhi, jioni utalianua lina rangi ya chai. Mama hulikung'uta tu. Hakuna anayeliuliza vumbi limetoka wapi. Mimi nimeulizwa mara nyingi.

Nilikulia kambi ya Kakuma, na Kiswahili changu nilikiokota huko. Niliporudi Juba (tunasema "kurudi", ingawa sikuwa nimewahi kufika), karani mmoja aliisoma fomu yangu ya kuomba msaada wa karo, akasikia ninavyotamka jina la kijiji cha babu, akasema, "Wewe si wa huko." Hukumu hiyo ilichukua muda wa kupiga chafya.

Nililikumbuka jambo hilo niliposoma jinsi wanasayansi wanavyotafuta asili ya vumbi lililonaswa ndani ya barafu. Mwaka 2000, Lonnie Thompson na wenzake walitoboa barafu ya Kilimanjaro hadi kwenye mwamba, wakatoa nguzo nyembamba sita. Katika mojawapo walikuta tabaka la vumbi la milimita 30 hivi, wakalihusisha na ukame mkubwa wa miaka 4,000 iliyopita. Huko Greenland, wengine walipima uwiano wa isotopu za strontiamu na neodimiamu katika vumbi la zama za barafu, kwani mwamba huiachia punje alama isiyofutika kwa kupeperushwa. Lakini alama peke yake haisemi kitu. Ilibidi ilinganishwe na udongo wa nchi nyingi, Sahara ikiwemo. Ndipo mwaka 1997 wakasema kwamba vumbi lile laelekea kuwa la majangwa ya Asia ya Mashariki. Laelekea! Kwa punje ya vumbi walisita kiasi hicho.

Basi sisemi kwamba ni kosa kumwuliza mtu asili yake. Bibi yangu humwuliza kila mgeni ukoo wake, ili ajue ampe pole ya msiba gani. Ninachouliza ni hiki: anayeuliza anadaiwa nini? Naona anadaiwa kazi kwanza, kisha anadaiwa kusema jibu analitakia nini. Karani hakulipa lolote kati ya hayo.

Mwenzangu darasani ananipinga. Vumbi, asema, huitia barafu weusi, ikafyonza joto la jua na kuyeyuka upesi, kwa hiyo lazima tujue linakotoka. Ni kweli hutia weusi. Ila kinachoyeyusha ni rangi yake na wingi wake, na vumbi la mteremko wa jirani laweza kufanya vivyo hivyo. Kwa hoja hiyo ningechunguzwa kwa nilichofanya.

Tena Bilpam ya kwanza haikuwa Juba. Ilikuwa kambi ya SPLA ng'ambo ya mpaka, Ethiopia, miaka ya 1980, na jina likahamia huku. Anwani hiyo niliiandika kwenye fomu ileile. Karani aliipitisha bila swali.