Wasia wa Johnson na Haki ya Mgeni

Kwetu wasia wa marehemu hauchezewi. Mtu akishafumba macho, neno lake la mwisho linakuwa amana mikononi mwa waliobaki, na anayelivunja hutazamwa vibaya hata kama sheria haimgusi. Nimelelewa hivyo na bado naamini hivyo. Ndiyo maana kisa cha kanda za Rais Lyndon Johnson kinanisumbua, kwa sababu nikikipima naona waliovunja wasia wake walitenda haki.

Johnson alikuwa akirekodi simu zake akiwa Ikulu ya Marekani, na mara nyingi aliyekuwa upande wa pili hakujua. Alipofariki tarehe 22 Januari 1973, kanda zilipelekwa kwenye maktaba yake iliyoko Austin, Texas, zikiwa na agizo: zisifunguliwe mpaka ipite miaka 50. Piga hesabu, unafika 2023. Lakini mkurugenzi wa maktaba, Harry Middleton, aliyewahi kumwandikia Johnson hotuba, alianza kuzifungua miaka ya 1990, kwa ridhaa ya mjane, Lady Bird. Leo mgeni anayezuru maktaba ile anainua mkono wa simu na kumsikia rais akiongea, kana kwamba kapigiwa yeye.

Anayoweza kuyasikia si madogo. Tarehe 27 Mei 1964 Johnson aliongea na Seneta Richard Russell, kisha na mshauri wake McGeorge Bundy. Alikiri kwamba haoni kama Vietnam inastahili kupiganiwa, na haoni pia njia ya kutoka. Alimtaja hata sajini aliyekuwa akimhudumia, baba wa watoto sita, akajiuliza atampeleka kule kwa lipi hasa. Mwaka uliofuata akapeleka vikosi vya mapigano. Vita vile viliua Wamarekani zaidi ya 58,000, na Wavietnam wengi kuliko hao mara nyingi.

Sasa mfikirie mama aliyemzika kijana wake mwaka 1968. Tukiushika wasia neno kwa neno, kufika 2023 huenda naye yuko kaburini. Huo ukweli utamfaa nani basi? Utawafaa wanahistoria, watu wasio na kidonda. Kuufungia ukweli mpaka wanaouhitaji wafe ni kuwanyima, hata tukiuita uhifadhi.

Utaniambia, jamani, kanda zilikuwa mali yake. Kweli kabisa. Sheria iliyofanya kumbukumbu za rais kuwa mali ya umma ilipitishwa 1978, ikawahusu marais kuanzia 1981. Utaongeza kwamba tukivunja wasia mmoja, kesho wakubwa watachoma kanda zao kabla hawajafa, maana mtunza amana asiyeaminika hapewi amana. Hoja hiyo ni nzito na siidharau. Kama kanda zingekuwa za maradhi yake na mambo ya ndoa yake tu, ningesema zifungwe hata miaka 100.

Lakini Johnson aliacha maneno mawili, si moja. Siku maktaba ilipozinduliwa, 22 Mei 1971, alisimama mbele ya wageni akatangaza kwamba mambo yote yamo humo, hata makosa na yasiyopendeza. Hilo alilisema hadharani, na lile la miaka 50 aliliacha faraghani. Maneno ya mtu mmoja yakigongana, tufuate lipi?

Jibu nalipata katika desturi ileile iliyonifundisha kuheshimu wasia. Mtu akifa, kabla wasia haujatekelezwa na kabla urithi haujagawanywa, madeni yake hulipwa kwanza. Hakuna anayesema kulipa deni ni kumsaliti marehemu. Tunasema tumempunguzia mzigo. Na ahadi ni deni. Johnson alikuwa anadaiwa na kila mgeni aliyeambiwa kwamba yote yamo. Middleton, rafiki yake, alianza kulilipa deni hilo wadai wengi wakiwa bado hai.