Waliohubiri kwa Maisha Ufukoni mwa Tanganyika

Oktoba 23, 1871, David Livingstone aliingia Ujiji akiwa mgonjwa na hana kitu. Vitambaa na shanga alizotumiwa kutoka pwani, ambazo ndizo zilikuwa fedha ya safari za bara, vilikuwa vimekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuvitunza. Aliyejitokeza kumsaidia alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, Said bin Majid, aliyekuwa tayari kuuza pembe zake za ndovu ili mzee apate cha kutumia. Livingstone aliuandika wema huo katika shajara yake. Anayetaka kutafakari habari za Injili kwenye ufuko huu ni vyema aanzie hapo, kwa mmisionari aliyetendewa mema na mtu wa dini nyingine.

Siku chache baadaye akatokea Henry Stanley wa gazeti la New York Herald. Salamu yao ya Ujiji inajulikana dunia nzima. Miezi iliyofuata haisimuliwi sana. Walikaa pamoja, wakasafiri kwa mtumbwi mpaka kaskazini mwa ziwa kuuchunguza Mto Rusizi, wakaagana Machi 1872. Kila Jumapili asubuhi Livingstone aliwakusanya watu wake wachache, akawasomea sala na sura ya Biblia, kisha akazungumza nao kidogo kwa Kiswahili. Stanley alikiri baadaye kwamba alifika Ujiji akiwa hana haja na dini, na kwamba mzee yule alimwongoa pasipo kujaribu. Kilichomgusa ni upole wake, uchaji wake, na namna alivyoshughulikia mambo yake bila makeke.

Hata hivyo, mwaka 1875 Stanley huyohuyo aliwafyatulia risasi wenyeji wa kisiwa cha Bumbire, Ziwa Victoria, akaua wengi. Jambo hilo lisifichwe. Mfano mwema humfikia mtu, lakini haumlazimishi.

Adrien Atiman hakuwa na jina kubwa kama hao wawili, ila maisha yake yana uzito zaidi. Alizaliwa yapata 1866 karibu na Timbuktu, akatekwa angali mtoto, akavushwa Sahara hadi Algeria, ambako wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadri Weupe walimkomboa. Wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini mwa Kigoma, wakati biashara ya watumwa ilikuwa bado haijakoma ziwani. Hakuondoka tena. Alioa huko, mwanawe Joseph akawa padri, naye mwenyewe akaendelea kuwa katekista na tabibu mpaka alipofariki mwaka 1956. Fikiria mtu aliyenusurika mikononi mwa wateka watu, kidonda chake kikisafishwa na daktari ambaye naye aliwahi kuuzwa. Mgonjwa huyo angehitaji hoja gani tena kuhusu thamani ya binadamu mbele ya Mungu? Leo hospitali ya Sumbawanga ina jina la Atiman.

Mapadri Weupe waliomkomboa Atiman walikuwa na agizo la mwanzilishi wao, Kadinali Lavigerie: wajifunze lugha ya wenyeji, wale chakula chao, na anayetaka ubatizo aandaliwe kwa miaka 4. Msafara wao wa kwanza wa mwaka 1878 uligawanyika, wengine wakaja Ujiji, wengine wakaenda Buganda. Huko, Padri Lourdel na Mprotestanti Alexander Mackay walibishana mbele ya Kabaka Mutesa, kila mmoja akiikosoa imani ya mwenzake. Mwaka 1892 Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walipigana vita Mengo. Siasa ilichangia sana, lakini mabishano yale hayakuwafundisha kupendana.

Waraka wa Kwanza wa Petro haukatazi hoja. Unamtaka Mkristo awe tayari kumjibu kila amwulizaye sababu ya tumaini lake, tena kwa upole. Basi swali hutangulia jibu, na katika mji wa Waislamu kama Ujiji, jirani huuliza pale anapokuwa amemwona Mkristo akilipa deni kwa wakati, akifika msibani kubeba jeneza, na akimsalimu mzee wa msikiti kwa heshima anayompa mchungaji wake.