Kwa Vijana Wanaovua kwa Taa

Wajukuu zangu wa Kalundu na Mulongwe, hapa kando ya ziwa letu, msimlipe mtu awauzie siku ya bahati ya kushusha mtumbwi. Pesa hiyo nunueni betri za taa, na hesabu ya siku jifunzeni ninyi wenyewe.

Mtanijibu kwamba hata Wahindu, watu wa biashara na elimu, hutafutiwa saa njema kabla ya ndoa au kufungua duka. Ni kweli. Lakini tazameni kazi anayoifanya mjuzi wao kabla hajatamka neno. Anapima mwezi umeliacha jua kwa kiasi gani. Kila unapoliacha nyuzi 12, siku moja ya mwezi imekwisha. Zikitimia siku 30 za namna hiyo, mwezi umeandama upya. Na kwa kuwa mwendo wa mwezi haulingani, siku hiyo huweza kuwa ya saa 19 au ikafika 26, ndiyo sababu tarehe nyingine hurukwa na nyingine hurudiwa. Tarehe inayoshikwa ni ile iliyokutwa na jua likichomoza. Hiyo ni hesabu, tena ngumu. Bahati huja juu yake, na hapo kila mtu na imani yake.

Sisi ziwa limetufundisha nusu ya hesabu hiyo. Jua likizama nyuma ya milima ya Mitumba na mwezi ukachomoza papo hapo upande wa Burundi, huo ni mwezi mpevu. Taa yako haina nguvu, samaki wetu wadogo, ndagala, hawakusanyiki, baki nyumbani. Tangu hapo mwezi huchelewa karibu dakika 50 kila siku, na giza la mwanzo wa usiku linarefuka. Kijana anayelijua hilo hurudi majini mapema, akavua kabla haujachomoza. Siku zinazoutangulia mwezi mpevu ni kinyume: giza lako ni la kuelekea alfajiri. Wahindu huwasha taa za Diwali usiku wa giza kabisa, kama tarehe 12 Novemba 2023, na inanifurahisha kwamba giza hilohilo ndilo linalojaza ziwa letu taa.

Nusu ya pili mnaisahau. Miandamo 12 ya mwezi ni siku 354 tu, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku kama 11. Wahindu huongeza mwezi wa 13 kila miaka miwili na nusu hadi mitatu, ili sikukuu zisihame msimu wake. Upepo wa kusini nao, ule wa kiangazi kuanzia Mei hadi Septemba, haujali mwezi, unafuata jua. Kwa upepo huo, giza zuri la Julai laweza kukuua.

Kwa hiyo mwezi mpevu uwe wa kushona nyavu na kulipa madeni ya dukani. Usiku wa giza wa kiangazi, mmoja wenu aende ufukweni tangu alasiri ayatazame mawimbi. Akisema hapana, hata mwenye injini mpya asishushe.