Picha ya Leso

Ukifika Feri asubuhi, upande wa Kisiwani, utaona jambo ambalo wengi wetu hulipita bila ya kulifikiri. Pantoni hushusha daraja lake la chuma, na watu humiminika kutoka Likoni maelfu kwa maelfu, wenye vikapu, wenye magunia, wenye baiskeli na wenye mikokoteni. Mwenda kwa miguu halipi hata senti moja, wala nahodha hamwulizi kikapu hiki kina nini au gunia lile limetoka kwa nani. Akianza kuuliza, kivuko kitasimama na nusu ya mji itachelewa kazini. Lakini tuseme mtu mmoja apige ukelele katikati ya maji: "Gunia lile ni langu, limeibwa!" Nahodha afanye nini? Akinyamaza, huenda anamvusha mwizi. Akilitupa gunia baharini kwa neno la mtu mmoja, huenda anamdhulumu mwenye mali. Na akikaa kuhukumu, yeye si kadhi na pantoni si baraza.

Swali hili la nahodha, msomaji, si la bahari peke yake. Siku hizi kuna masoko yasiyo na paa wala meza, yaliyomo katika simu. Mwuzaji huweka picha ya bidhaa yake, mnunuzi huitazama akiwa Kisauni au Nairobi au Muscat, na fedha hupita kabla mkono haujagusa nguo. Mwenye soko hauzi kitu. Yeye huwavusha tu wauzaji na wanunuzi, kama pantoni ivushavyo vikapu. Ukelele wa "ni changu, kimeibwa" humfikia kila siku, naye hana budi kufanya jambo.

Nitatoa mfano. Haukuchukuliwa kwa mtu mmoja. Umekusanywa katika mengi yatokeayo. Mwanamke mmoja ana duka la leso karibu na Mtaa wa Biashara. Tumwite mwenye duka. Alfajiri moja alichukua leso mpya, akaipiga pasi, akamvika binti wa nduguye, wakaenda Mji wa Kale mpaka penye mlango mmoja wa nakshi. Wakangoja jua lipande kidogo ili rangi zikolee. Alipiga picha arobaini akachagua moja, na kwa hakika ilikuwa nzuri: pindo lote laonekana, mji wa leso wang'aa, na jina lake lasomeka bila ya kukaza macho. Akaiweka sokoni na jina la duka lake pembeni.

Mwanamke wa pili huuza leso katika njia iendayo Feri. Yeye tumwite mwenye meza. Leso zake hununua kwa muuzaji wa jumla yule yule. Hana binti wa kumvika, hana nafasi ya kungoja jua, na simu yake kioo chake kimepasuka. Akaiona picha ile, akaichukua, akaikata pembe yenye jina la duka, akaitia katika ukurasa wake kwa bei iliyo chini kwa shilingi 50. Wanunuzi wakamwendea. Mwenye duka akamwandikia mwenye soko malalamiko. Kesho yake ukurasa wote wa mwenye meza ulikuwa umefungwa, pamoja na picha nyingine alizozipiga mwenyewe na maagizo ya watu ambayo hakuwahi kuyatimiza. Hakuulizwa neno hata moja.

Nani aliyedhulumiwa? Najua utakavyojibu kwa haraka, na jibu lako lina kweli ndani yake. Mwenye meza atajitetea aseme: "Leso ni ile ile. Sikuiba leso ya mtu. Na picha yake bado anayo, haikupungua." Utetezi huu unapendeza masikioni, nao ndio utetezi wa kila anakiliye kazi ya mwenziwe. Ni kweli picha haipungui kwa kunakiliwa. Lakini mwenye duka hakuamka alfajiri ili awe na picha. Aliamka ili awe na wanunuzi, na hao ndio waliopungua. Kilichochukuliwa ni alfajiri yake. Tena ile pembe iliyokatwa yatoa ushahidi mbaya, maana mtu adhaniaye kwamba hakosei hana haja ya kufuta jina la mwenye kazi.

Sheria nayo iko upande wa mwenye duka. Mataifa yalianza kuahidiana kulinda kazi za watungaji na wachoraji katika Mapatano ya Berne ya mwaka 1886, na Kenya iliingia katika mapatano hayo mwaka 1993. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haimlazimishi mpiga picha aende afisini kwanza ndipo haki yake izaliwe. Haki huzaliwa pamoja na picha.

Hapa ndipo wengi hukoma kufikiri, na hapa ndipo mimi naona jambo linaanza kuwa gumu. Itazame tena picha ile. Mna mali ya watu wangapi ndani yake? Picha ni ya mwenye duka. Lakini mchoro wa leso si wake, ni wa kiwanda au wa mfanyabiashara aliyeuagiza, kama ule ukoo wa Kaderdina Hajee Essak uliofanya biashara ya leso Mombasa tangu mwaka 1887, ambao nguo zake hujulikana pwani nzima kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Mchoro wa namna hiyo, uliokusudiwa kupigwa chapa kiwandani maelfu kwa maelfu, una njia yake nyingine ya kulindwa: husajiliwa kwa miaka 5, na usajili huweza kuongezwa miaka 5 mingine mara mbili, kisha huwa huru kwa kila mtu. Na jina la leso je? Aghalabu ni methali, na methali aliitunga nani? Bibi zetu waliipokea kwa bibi zao. Na ikiwa leso yenyewe ni kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe avaayo biharusi wa Kiswahili, basi hata mchoro hauna mtu mmoja awezaye kusema "ni wangu".

Sasa tuseme mwenye duka, kwa hasira au kwa tamaa, asiandike "picha ni yangu" ila aandike "leso ni yangu". Mwenye soko ameketi afisini mbali, pengine ng'ambo. Hajui kisutu ni nini. Mbele yake pana barua yenye maneno makali na sahihi. Akifunga kurasa zote zenye kisutu, wanawake mia watakosa chakula cha jioni kwa neno la mtu mmoja, na kitu cha watu wote kitakuwa kimefanywa cha mtu mmoja bila ya hakimu kukiangalia.

Usidhani ya kwamba hili ni jambo la kubuni tu. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kampuni moja ya Uingereza iliomba kule kwao kulisajili neno "Kikoy" liwe alama yake ya biashara. Kama lingalisajiliwa, mtu wa pwani aliyeuza kikoi huko angaliweza kuambiwa anaiba jina la vazi alilofunga babu yake. Wafanyabiashara na watetezi wao walipinga, na ombi lile likaachwa. Walipata nafasi ya kupinga kwa sababu utaratibu wa usajili ulikuwa na mlango wa mpingaji. Mwenye meza wetu hakupewa mlango huo.

Na sheria imeweka mlango. Marekani ilitunga sheria mwaka 1998 iliyomwondolea mwenye soko lawama kwa yale waliyoyaweka watu wengine, maadam akipata malalamiko ayaondoe upesi. Mlalamikiwa naye aweza kupeleka jibu la kupinga, na mlalamikaji asipokwenda mahakamani kitu hurudishwa baada ya siku za kazi 10 mpaka 14. Kenya ilifuata njia iliyo karibu na hiyo katika marekebisho ya mwaka 2019: malalamiko yawe kwa maandishi na yaonyeshe ni kazi gani, mlalamikiwa apelekewe nakala, kitu kiondolewe katika muda mfupi ikiwa hapana jibu la kupinga, na mtu aletaye malalamiko ya uongo ahesabiwe kuwa ametenda kosa.

Utaratibu huu si mbaya. Lakini upime kwa mizani ya moyo wa binadamu. Mwenye soko akiiondoa picha isiyo na kosa, hupoteza nini? Karibu hapana. Akiiacha picha yenye kosa, yaweza kumpeleka mahakamani. Basi mkono wake huelekea kuondoa, na akiondoa huona wepesi wa kufunga ukurasa mzima kuliko kutafuta picha moja. Wala si kwamba ni mtu mbaya. Ni mtu aliyeogopa, na hofu yake hulipiwa na yule asiyejua kuandika barua ya kujibu. Naona hili ndilo kosa kubwa kuliko lile la pembe iliyokatwa, ingawa halina mtu mmoja wa kunyoshewa kidole.

Wako watakaosema: mwache mlalamikiwa aulizwe kwanza, siku ngapi zitapita? Nao wasema kweli. Biashara ya leso hustawi katika siku chache za mwisho wa Ramadhani. Picha iliyoibwa usiku wa ishirini na tano, ikiondolewa baada ya Idi, ni dawa iliyoletwa matangani. Nakumbuka pia enzi za kanda, waimbaji wa taarabu wa pwani walipoimba nyimbo zao zikanakiliwa na kuuzwa kando ya njia, nao hawakuwa na wa kumlalamikia. Haki ya kulalamika upesi ni neema ambayo wao hawakuipata. Lakini Idi ni ya wote wawili. Ukurasa uliofungwa kwa makosa usiku huo huo, ukifunguliwa baada ya wiki mbili, umemfungulia mwenyewe nini?

Kwa hiyo nadhani mwenye soko angalifanya haki kama angaliiondoa ile picha moja siku ile ile na kuuacha ukurasa wazi, akampelekea mwenye meza barua yenye jina la mlalamikaji na sababu yake kwa Kiswahili kifahamikacho. Kufunga ukurasa wote kungalimngoja mtu aliyekwisha onywa akarudia. Na mwenye duka angalipaswa kuandika kwa usahihi: picha hii, si leso hii. Adaiye zaidi ya haki yake, hata kama ameibiwa kweli, huanza naye kuchukua kisicho chake.

Wewe usomaye hujawa bado mwenye soko, lakini umekwisha kuwa mwenye meza. Umenakili hesabu ya mwenzio ukafuta jina lake, au umepeleka wimbo wa mtu kwa rafiki kumi. Pengine pia umekwisha kuwa mlalamikaji, ukaongeza chumvi mbele ya mwalimu ili adhabu ije upesi.

Katika mfano wangu wanawake wale wawili walikutana siku moja ndani ya pantoni, maana Mombasa ni ndogo. Mwenye duka akamtambua kwa leso alizozibeba.

"Mwenzangu, mbona hukuniomba? Ningalikupa."

"Ningalikuomba wapi, dada, nami sikukujua ila kwa picha? Na wewe mbona hukuniambia kabla ya kunishitaki?"

Hawakujibizana zaidi. Pantoni ilikuwa inakaribia Likoni na jua lilikuwa linashuka nyuma ya bandari. Mwenye meza akaifungua leso moja, akaomba ishikwe pembe moja isipeperuke, na mwenye duka akaishika. Akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akapiga picha tatu. Mbili zilitikisika. Ya tatu ilitoka vizuri, ila pembeni vilionekana vidole vya mwenye duka.